Wauguzi wetu na Kiswahili cha mgonjwa

Kandokando ya barabara ya Mbagathi, jijini Nairobi, lipo soko linalosifika kwa mambo mawili: nyama ya kuchoma na ususi wa nywele. Soko la Kenyatta limepakana na mitaa ya Ngumo na Golf Course, Kibera haiko mbali nalo, na mwendo mfupi kwa miguu humfikisha mtu katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, katika makao makuu ya Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu (KMTC), na mahali wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanapojifunzia kazi. Ramani inasema hapa ni jijini. Lakini mwanafunzi anayeishi hapa huishi kama aliye katika mji mdogo wenye chuo kimoja. Muuza nyama anajua nani ana zamu ya usiku, mwenye kibanda cha chapati na maharagwe anajua ni mkopo wa nani uliochelewa, na mwenye nyumba za kupangisha anajua yote mawili.

Nimekuwa nikipita sokoni humo kwa miaka mingi, na kwa mazoea ya kazi yangu ya isimu huwasikiliza vijana hao wa afya zaidi kwa namna wanavyosema kuliko kwa wanayoyasema. Wakiwa peke yao huzungumza Sheng, kama ilivyo ada ya rika lao. Wanapopimiwa nusu kilo ya mbuzi hubadilika mara moja, wakamwamkia mwenye kisu kwa heshima na kumwomba aongeze kidogo kwa kuwa wao ni wanafunzi. Kijana wa mwaka wa kwanza, ambaye hajawahi kumdunga mtu sindano, huitwa "daktari" na mama wa mboga. Hukikubali cheo hicho bila kupinga, maana huja na fungu dogo la sukuma wiki la ziada.

Wasichana wa uuguzi wana darasa jingine humo sokoni. Kusukwa nywele ndogo ndogo huchukua nusu ya siku, hata kama wasusi wawili au watatu wamekishika kichwa kimoja. Katika saa hizo wanawake huzungumza. Huzungumza juu ya sindano ya miezi mitatu iliyomfungia mmoja wao hedhi, juu ya mimba iliyoharibika, juu ya mtoto aliyeshikwa na degedege usiku wa manane, na juu ya mama mkwe ambaye presha yake haitaki kushuka. Huyasema hayo kwa Kiswahili, kwa kuwa mmoja ametoka Siaya, mwingine Machakos, mwingine Kakamega, na hakuna lugha nyingine inayowatosha wote. Mwanafunzi ameinamisha kichwa na anayasikia yote. Kesho yake huvaa sare yake, huingia wodini, na kumkuta kitandani mwanamke wa aina ile ile aliyekaa naye sokoni. Hapo ndipo maneno yanapomkimbia.

Yanamkimbia kwa sababu mwili wa mwanadamu amefundishwa kwa Kiingereza kitupu. Jina la kila kiungo, la kila ugonjwa na la kila dawa analijua kwa lugha hiyo, na kwa lugha hiyo atatahiniwa na kupewa leseni. Sina ugomvi na jambo hilo. Ninalouliza ni hili: ni nani aliyemfundisha kumhoji mgonjwa kwa lugha ya mgonjwa? Jibu ni kwamba hakuna. Tunadhani kwamba, kwa kuwa kijana ni Mkenya, Kiswahili cha wodini kitakuja chenyewe.

Hospitali hiyo kubwa ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 kwa ajili ya wenyeji, ikaitwa Hospitali ya Mfalme George wa Sita mwaka 1952, na baada ya uhuru ikapewa jina la Kenyatta. KMTC ilianza mwaka 1927, na kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1990 ikawa shirika la umma. Mafunzo ya udaktari ya Chuo Kikuu yalianza mwaka 1967. Majina ya majengo yamebadilika na bendera imebadilika. Lugha ya kufundishia haikubadilika, na walioingia ofisini kila mara walikuwa na mambo mengine ya haraka zaidi.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kinatambuliwa langoni. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilipendekeza kiwe somo la lazima, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kikaanza kutahiniwa katika shule zote. Hata katika sifa za kujiunga na kozi kadhaa za afya, alama nzuri ya Kiswahili huweza kuhesabiwa badala ya ile ya Kiingereza. Kijana huingia chuoni kwa tiketi ya Kiswahili, kisha tiketi hiyo hutupwa mlangoni kama ile ya matatu.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha kidato cha nne kinatosha kumhudumia mgonjwa. Hao nawaomba wavute kiti. Kiswahili cha kidato cha nne ni ngeli, insha na ushairi, na hayo yote nayathamini. Lakini hakimfundishi mtu tofauti za maumivu, na lugha hii ina hazina kubwa ya tofauti hizo. Kichwa huuma, lakini pia huwanga. Jipu hupwita. Tumbo husokota, hukata, hunyonga, na kila kitenzi kati ya hivyo kinamwambia tabibu jambo lake. Kidonda huchoma, mguu hufa ganzi, kifua hubana. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akimrudia mwenzake swali alilomwuliza bibi mmoja: "Mama, hiyo pain ni sharp ama ni dull?" Yule bibi, kwa adabu ya watu wa zamani, alikuwa amejibu, "Ndiyo." Angeulizwa kama maumivu yanadunga kama sindano au yanakandamiza kama mzigo, angeeleza mpaka mwisho.

Kuna na maneno yanayohadaa. Mgonjwa akisema chembe cha moyo kinamuuma, mwanafunzi husikia neno "moyo" na kuandika ugonjwa wa moyo. Chembe cha moyo ni pale penye ncha ya mfupa wa kifua, juu ya tumbo, na huenda mtu huyo analalamikia kiungulia au vidonda vya tumbo, ingawa tabibu mwangalifu hatausahau moyo wenyewe. Mzee akisema ana mshipa, huenda hana maana ya mishipa ya damu wala ya fahamu, bali ni ngiri, na anaona haya kuitaja mbele ya binti wa umri wa mjukuu wake. Mtu wa pwani akisema ana homa, mwili wake unachemka. Wengi wa Nairobi wakisema wana homa, wana mafua. Basi mfikirie kijana aliyelelewa Nyeri, akasomea Nairobi, kisha akapelekwa Msambweni kujifunza kazi, akiandika neno hilo moja katika jalada la mtoto mwenye malaria.

Mfano wa "uchungu" ni mzito zaidi. Katika bara la Kenya watu wengi hulitumia neno hili kwa maumivu ya aina yoyote: uchungu wa jino, uchungu wa mguu. Kwa Mswahili wa asili, mama mjamzito akisema ameshikwa na uchungu, amekwisha kusema kwamba saa ya kujifungua imewadia. Mkunga asiyezijua maana zote mbili atakosea huku au kule, na katika kazi yake hakuna kosa dogo.

Nije kwenye dawa. Mzee mmoja wa ukoo wetu alipewa vidonge katika zahanati ya mashambani, akaambiwa ameze kimoja "kila saa nane". Alivimeza kwa utiifu mkubwa, kidonge kimoja kila siku, saa nane mchana, baada ya chakula. Aliyempa alikuwa amefikiri kwa Kiingereza na kutafsiri neno kwa neno. Kwa mtu anayehesabu saa zake tangu jua lichomoze, saa nane ni wakati, nao hufika baada ya adhuhuri. Angeambiwa hivi: anza saa kumi na mbili asubuhi, cha pili saa nane mchana, cha tatu saa nne usiku kabla ya kulala. Ni sentensi moja tu. Hata ule usemi tuliouzoea wa "kutwa mara tatu" una kasoro yake, kwani kutwa ni tangu macheo hadi machweo, na mwenye kuufuata barabara atameza vidonge vyote kabla ya giza na kuuacha usiku kucha bila dawa.

Na kuna mambo ya sitara. Kiswahili kina namna zake za kuyataja yasiyotajwa: haja ndogo, haja kubwa, kuingia mwezini, kuvunja ungo, kukutana kimwili. Mwanafunzi asiyezijua huwa na njia mbili. Ama atatumia neno la Kiingereza ambalo mgonjwa halijui, ama atatumia neno la mtaani litakalomfanya mama mtu mzima ageuze uso ukutani. Sheng sina neno nayo. Ni lugha ya vijana na ina kazi yake. Kazi hiyo si kumwuliza mzee kama anapata shida ya kukojoa.

Pale lugha inaposhindikana kabisa huitwa mkalimani. Katika hospitali zetu nyingi mkalimani huyo ni mfagizi wa wodi, au mgonjwa wa kitanda cha pili, au mtoto wa mgonjwa mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi na miwili anamfasiria mamake maswali juu ya tumbo la uzazi! Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, kila inapowezekana, katika lugha anayoielewa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na huenda uji usiulizwe. Ila dawa, upasuaji na idhini yake lazima aulizwe, tena aulizwe akaelewa.

Sasa tazama wenzetu wanavyofanya. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi huko. Kabla muuguzi hajamgusa mgonjwa wa Kiingereza, baraza la wauguzi la nchi hiyo hutaka uthibitisho kwamba anaijua lugha ya mgonjwa huyo. Wajerumani nao hudai Kijerumani. Mwishoni mwa mwaka huo huo aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Taifa zima lilishika kichwa. Magazeti yaliandika, wabunge wakauliza, walimu wa Kiingereza wakalaumiwa. Sikumsikia hata mtu mmoja aliyeuliza ni wangapi kati ya 300 hao wangefaulu mtihani kama huo wa Kiswahili, ambao ungewahusu wagonjwa waliokuwa wakiwahudumia siku ile ile. Mgonjwa wa London analindwa na mtihani. Mgonjwa wa Kibera hulindwa na bahati.

Hoja inayorudiwa kila mara ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii imezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na baadaye ikatoa Kamusi ya Tiba. Kitabu cha David Werner cha afya ya vijijini kina toleo la Kiswahili, Mahali Pasipo na Daktari, lililowafaa wahudumu wengi wa mashambani. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, jina lake lilitungwa kwa Kiswahili, likaenea mpaka vijiji visivyo na barabara, na kabla Serikali haijautangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999 kila mtoto alikuwa akilijua. Korona ilipofika nchini Machi 2020, neno "barakoa", ambalo wengi hawakuwa wamelisikia, lilikuwa mdomoni mwa makanga wa matatu katika muda wa wiki chache. Istilahi huja zikihitajiwa na mwenye mamlaka.

Nikiri pia kwamba Tanzania, tunayoitazama kwa wivu katika mambo ya lugha, inawafundisha madaktari wake kwa Kiingereza. Lakini mwanafunzi wa Muhimbili amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na akitoka darasani anaishi ndani ya lugha hiyo. Wetu hana akiba hiyo, kwa hivyo anahitaji kufundishwa zaidi, si kidogo zaidi.

Suala hili haliishii Mbagathi. Leo KMTC ina matawi zaidi ya 70, na mengi yake yako katika miji midogo ambako chuo, hospitali na soko vinatazamana. Mwanafunzi wa Murang'a hupelekwa Lodwar, wa Bungoma akapelekwa Garissa. Huko hukodi chumba kwa mama asiyemjua, hununua maji kwa mtungi, husubiri mkopo, na hujifunza kusema na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kiturkana au Kisomali. Kiswahili hakitamtatulia kila kitu. Yuko bibi wa Kalokol ambaye hajui Kiswahili kabisa, na huyo naye ana haki yake. Hata hivyo, kati ya kijana huyo na watu wengi wa mji ule, daraja lililopo ni Kiswahili. Ni heri lijengwe kwa mawe kuliko kuachwa liwe gogo la kuvukia.

Wakufunzi wengi wanalijua tatizo hili na wengine wao hulishughulikia kwa hiari yao. Nawajua walimu wa uuguzi ambao, baada ya kufundisha kwa Kiingereza, humtaka kila mwanafunzi aeleze jambo lile lile kwa Kiswahili kana kwamba anamweleza nyanyake. Huchukua dakika kumi. Wanasema hapo ndipo huonekana nani ameelewa na nani amekariri, kwa maana mtu hawezi kumweleza nyanya kitu asichokielewa. Lakini hiari ya mwalimu mmoja si mtaala. Akihamishwa, huhama nayo.

Ninachopendekeza si kozi mpya yenye vitabu vinene. Wanafunzi hawa wana mizigo ya kutosha, na wengine hulala njaa ili walipe kodi ya chumba. Somo moja la muhula mmoja katika mwaka wa kwanza lingetosha kuanzia: kumpokea mgonjwa, kumhoji, kumweleza ugonjwa, kumpa maagizo ya dawa, kumpasha habari mbaya. Wanafunzi wenyewe waandike daftari la maneno wanayoyasikia wodini na mjini, kila tawi daftari lake, kwa kuwa Kiswahili cha Kilifi si kile cha Kitale. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu, na ile ninayofundisha mimi ikiwamo, ziyakusanye madaftari hayo na kuyahariri. Tumeandika tasnifu za kutosha juu ya viambishi.

Kisha pawe na mtihani, kwa sababu katika nchi hii kisichotahiniwa hakisomwi. Tayari vyuo vya afya vina mitihani ya vitendo ambamo mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akifanya kazi mbele ya mtahini. Kituo kimoja kati ya hivyo kiwe cha Kiswahili. Mgonjwa wa kuigiza asiwe mwalimu mwenzetu, ambaye atamsaidia mtahiniwa kwa neno la Kiingereza akikwama. Waalikwe wasusi wawili kutoka Soko la Kenyatta, na kule Lodwar au Msambweni waalikwe wauzaji wa soko la huko. Walipwe ujira wa siku yao, waelezwe dalili za kuigiza, waachwe wazieleze kwa maneno yao. Mwanafunzi atakayeshindwa kumweleza mama huyo namna ya kumeza dawa zake aurudie mtihani, kama anavyourudia yule aliyeshindwa kupima shinikizo la damu.